Daftari la Dorsila

Alikuja Jumamosi na daftari la kurasa tisini na sita,
jalada limevishwa nailoni ya mkate,
kalamu inaning'inia kwa uzi shingoni.
Akabisha kwangu, ploti ya tatu kutoka mto Auji.
"Mko wangapi humu? Nani hawezi kukimbia?
Nani akipigwa na baridi hupumua kwa shida?"
Nikamwambia, mama, mimi ni mpangaji tu,
nimehamia juzi, sina habari na vikundi.
Nikafunga mlango.
Nilimsikia kule nje, akiandika.

Kila Jumamosi walikuwa uwanjani, nyuma ya mashine ya unga,
nami dirishani na chai yangu, nikicheka:
Ondiek wa kuziba pancha amembeba mgongoni
Truphena muuza omena, na kilo zake zote,
wanaanguka kwenye nyasi, wanarudia;
vijana wa kuosha pikipiki wanafunga fundo, wanalifungua,
wanalifunga tena, macho yamezibwa kwa leso;
mitungi mitupu ya mafuta ya kupikia
imefungwa sita sita, iwe chelezo.
Nani atawalipa? niliuliza siku moja.
Truphena akajibu bila kugeuka:
"Maji yakija, utayauliza swali hilo."

Usiku ule Nyalenda hapakunyesha.
Nyota zilikuwa tele.
Mtu wa Kajulu, kule vilimani, akapiga simu,
akasema maneno manne: Mto umekuja na mawe.
Saa nane. Filimbi: moja ndefu, mbili fupi.

Sijui walianzia wapi. Nilisimuliwa baadaye
kwamba Mzee Obare, asiyesikia hata radi,
hulala na uzi wa ndoano kwenye kifundo cha mkono,
uzi unatokea dirishani,
na kazi ya Zedekia, mtoto wa miaka kumi na sita,
ni kuuvuta mara tatu.
Mzee akatoka na jogoo kwapani, amenuna
kama mtu aliyeamshwa kulipa deni.
Kwamba mama wa pacha alitoka na mmoja,
akageuka kurudi, akapiga ukunga,
na kumbe wa pili yuko begani kwa Ondiek,
amelala, mdomo wazi, udenda kwenye reflekta iliyochakaa.
Na kamba ilivutwa na mto mpaka ikalia,
ila fundo halikufunguka. Lile la gizani.

Mimi niliamka godoro likielea.
Mlango umegoma, maji yameuegemea kwa nje
kama landilodi wa mwisho wa mwezi.
Nikapanda meza. Nikataka kuita.
Nimwite nani?
Sikujua jina la jirani hata mmoja.

Kisha vyuma vya dirisha vikapinda kwa jeki ya gari,
tochi ikanichoma machoni,
na sauti ya mwanamke, bila haraka yoyote:
"Ndiye huyu. Vuta."

Asubuhi tulikunywa uji darasani, juu ya madawati.
Wakaja wageni na kamera, wakauliza kiongozi ni nani.
Ondiek akamwonyesha Truphena,
Truphena akamwonyesha Zedekia,
Zedekia alikuwa amelala, filimbi mdomoni.
Magunia mawili ya omena ya Truphena
yalikuwa yamerudi ziwani yalikotoka.
Alicheka aliposema hivyo. Kisha akanyamaza kidogo.

Nikaomba daftari. Halikuwa na tone.
Chini ya Obare (hasikii, vuta uzi),
chini ya pacha (hesabu wawili, usiamini giza),
kwa mwandiko ulioinama kama nyasi za kingoni:
Mpangaji mpya. Hakutoa jina. Yuko peke yake.
Taa huzima saa sita. Hulala fofofo.
Msipoteze wakati na mlango. Dirisha.

Leo ni Jumamosi.
Truphena yuko mgongoni mwangu, na kilo zake zote.
Nimeanguka mara mbili, magoti yana matope.
Ng'ambo ya uwanja kuna mtu dirishani,
mpangaji wa juzi, ana kikombe, anatucheka.
Dorsila ameshamwona.
Anailamba ncha ya kalamu.