Upana wa Kidole

Oktoba. Mvua bado haijaikumbuka njia ya Lubumbashi.
Lami mbele ya banki inashika kandambili
kama mtu anayedai.
Jakaranda zimemwaga maua ng'ambo ya barabara,
lakini gari jeupe lilisimama upande huu,
penye jua tupu.

Kioo kimoja kiliachwa wazi, upana wa kidole.
Ndani, mbwa mdogo, rangi ya chai ya maziwa.

Mwanzo alibweka, nasi tukacheka.
Kyungu, mbadilisha dola, akasema kutoka kigodani:
"Ona, mbwa iko na motokari,
miye hata baiskeli sina."
Tukacheka tena. Niliuza vifuko vinne vya maji
kabla kicheko hakijaisha.

Kisha akanyamaza.

Asiyejua husema: amelala.
Mimi nilikuwa na kaka aliyeshuka shimoni kutafuta shaba,
na wenzake walipomvuta juu kwa kamba
kinywa chake kilikuwa wazi hivyo hivyo,
ulimi umetangulia,
kama mtu aliyetaka kuuliza jambo.
Nikatua beseni.

Nilimtuma Numbi, mtoto wa muuza karanga,
akatangaze namba ya gari ndani ya banki.
Mlinzi akamwambia: kwanza viatu.
Numbi hana viatu.
Nikafungua kitenge changu cha juu, nikakitandaza kwenye kioo cha mbele.
Nikang'ata kifuko, nikaminya maji kwenye ule upenyo.
Yalichuruzika mlangoni, yakafika kwenye kiti.
Mbwa aliyatazama. Hakuinuka.

Nani avunje?
Wote tulikuwa na mikono, wote tukaificha.
Kyungu alihesabu noti alizokwisha kuzihesabu.
Mmoja akasema bei ya kioo hicho ni karo ya watoto watatu.
Mwingine: angekuwa mtoto, sawa.
Wa tatu hakusema kitu, alitoa simu akapiga picha.

Musonda huchonga malakiti kwenye ngazi za posta:
mamba, visahani vya majivu, mayai.
Alikuja na yai moja, zito, la kijani chenye mistari,
alilolisugua wiki mbili kwa mchanga na maji.
Hakutuuliza. Alizunguka gari akachagua kioo kidogo cha nyuma,
kilicho mbali na uso wa mbwa.
Pigo la kwanza, hapana.
La pili, yai likapasuka.
La tatu alilipiga kwa nusu iliyobaki,
na kioo kikamwagika kama chumvi.

Joto lililotoka mle lilinipiga usoni
kama sufuria ya bukari inapofunuliwa.
Nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko beseni langu.
Tukamlaza juu ya maua, kivulini,
maji tumboni, maji kwenye nyayo,
ulimini tone kwa tone, maana akiyagugumia yatampalia.

Mwenye gari akatoka, faili kifuani.
"Miniti tano! Nilisema miniti tano tu!"
Aliviona vioo kwanza, kisha Musonda,
kisha akamwita polisi. Mbwa alimwona wa mwisho.
Na mbwa, mpumbavu yule,
akatikisa mkia.
Mara moja tu, vumbini.
Mama akapiga magoti na sketi yake ya ofisi,
faili ikaanguka, hakuna aliyeiokota.

Sitadanganya: hakulilipa lile yai.
Musonda aliacha kituoni jina lake na pesa za siku tatu,
na kitenge changu hadi leo kina alama ya wipa.

Juma lililofuata gari lilirudi, kioo kipya,
karatasi ya duka haijabanduliwa.
Safari hii liliegeshwa ng'ambo, chini ya jakaranda.
Nilivuka na beseni kichwani, wateja wakiniita,
nikainama, kiganja juu ya macho.
Kwanza niliuona uso wangu.
Kisha kiti, kitupu,
na nywele chache za rangi ya chai.