Nusu Lita ya Maziwa

Hukumu ilisomwa kwa Kifaransa, kurasa arobaini na moja,
feni ya Mahakama ya Rufaa ikizunguka kama mtu aliyepoteza miwani.
Sisi wa zamu ya usiku tulisimama nyuma,
buti mkononi, maana karani alikataza vumbi.

Mwilambwe, delege wa sindika, alitutafsiria kwa nyusi.
Moja juu: ngojeni.
Zote mbili chini: hapo wametupiga.

Kesi yenyewe, watoto wa Katuba wanaicheka.
Nusu lita ya maziwa kwa kila mtu wa tanuru, kila zamu,
ya kusukuma moshi ushuke kifuani, walivyosema wazee wa shaba
(kama kweli yanausukuma, daktari hajawahi kusema).
Kisha asubuhi moja ya Juni, baridi ya kupasua midomo,
karatasi mlangoni: maziwa basi.
Hawakutuita. Hawakutuuliza.
Gundi ilikuwa bado mbichi.

Chabu Musenge hakuyanywa hata siku moja.
Aliyamimina kwenye chupa ya mawese iliyooshwa kwa majivu,
akaibeba kwapani hadi komini ya Kenya,
kwenye uji wa mjukuu.
Wakili wa kampuni alilishika hilo kama mwizi aliyeshikwa shati:
Mnaona? Hayanywi. Basi si dawa, ni posho,
na posho ni hisani, na hisani haijadiliwi.
Chabu akasimama bila kuitwa:
Bwana wakili, uji haujui tofauti.
Jaji akaandika kitu. Hatukujua nini.

Leo tumejua. Kimo humo, ukurasa wa thelathini na tatu,
kwa maneno marefu kuliko yake.

Jina la kumi na saba katika orodha ya walalamikaji
liliitwa mara mbili.
Mara ya pili Kabwita, mjane wake, akajibu: Yuko.
Karani akatia alama, hakuinua kichwa.

Mwajiri arudi mezani ndani ya siku thelathini.
Aketi. Asikilize. Ajibu kwa sababu, si kwa karatasi ya mlangoni.
Nyusi za Mwilambwe zikapaa.
Lakini mahakama haina uwezo wa kumwamuru akubali.
Nyusi zikabaki hapo hapo juu, hazikujua pa kushukia.

Nje, vijana walipiga vigelegele hadi polisi akavua kofia,
mwanamke wa maandazi akauza beseni zima.
Tumeshinda nini? akauliza.
Kiti, akasema Mwilambwe.
Kiti tu?
Miaka miwili tulikuwa tumesimama, mama.

Kabwita hakucheka wala hakulia.
Alifungua kitenge, akatoa ile chupa,
safi, nyepesi, na harufu ya mawese bado shingoni.
Siku ya kukaa, akasema, iweke katikati ya meza,
kabla ya makaratasi yao,
wasije wakajifanya wamesahau tunazungumza juu ya nini.
Kizibo kimepotea.
Tafuteni kingine.