Silabi Moja

Kayenze, taa ya sola imebakiza nusu saa ya mwanga.
Nkwimba yupo kwenye zoezi la Kiswahili:
Kanusha sentensi zifuatazo.
Mimi nachambua dagaa walionyeshewa.
Ndoo kumi na nane, zote mchangani, mvua ya dakika kumi.
Dagaa wa hivyo huuzwa kwa wafuga kuku,
kwa bei ya kukuonea huruma.

"Mama, 'nimefika' inakanushwaje?"
"Sijafika."
"Na 'ninaweza'?"
"Siwezi," nikasema, haraka mno,
kama mtu anayetaja jina lake.
Akauma kalamu. "Si 'sijaweza'?"
"Hapana. Siwezi. Andika, taa inazima."

Usiku usingizi ukagoma.
Siwezi ni mlango wa bati uliopigwa misumari.
Sijaweza, hebu sikiliza,
ina ja pale katikati,
silabi moja, nyembamba kama dagaa,
imepenya tundu la wavu.

Sikuamka shujaa.
Niliamka na mgongo ule ule,
na deni la kikoba, laki mbili na themanini,
na ziwa likitema povu lake kama jana.
Ila nilipoanza kujisema, kama ilivyo desturi yangu nikitandika nyavu,
huwezi wewe, Minza, hujui hesabu, huna maneno,
nikasimama, nikachomeka ja kila penye pengo:
hujaweza. Hujajua. Hujapata.
Nikacheka peke yangu.
Mama Bhoke akauliza ng'ambo ya ua kama nina homa.

Jumamosi, kikaoni, mimi ambaye miaka mitatu
kazi yangu ilikuwa kuwapigia makofi wengine,
nikainuka.
"Nataka kujenga chanja. Dagaa wakauke juu, si mchangani."
Sauti ilipapatika kama kuku aliyeshikwa miguu.
Mweka hazina akavua miwani:
"Deni la kwanza umemaliza?"
Kinywa kilishajiandaa kuomba radhi.
"Sijamaliza," nikasema,
na nikalisikia neno lenyewe likitembea.

Walinipa nusu ya nilichoomba.
Nusu ni chanja mbili na turubai lenye viraka.

Mvua ilirudi Alhamisi.
Haikuuliza nimebadilika kiasi gani.
Niliokoa ndoo sita, nne zikaloa.
Zamani ningezihesabu zile nne mpaka jogoo awike.
Nilihesabu sita,
halafu nne, maana hesabu ni hesabu,
halafu nikarudi kwenye sita, nikalalia hapo.

Nkwimba amepata tisa kwa kumi.
Lile moja mwalimu kalizungushia wino mwekundu:
hakunisikiliza usiku ule,
aliandika kwamba kinyume cha ninaweza
ni sijaweza.

Karatasi nimeibandika ukutani, juu ya mtungi.
Mwalimu kasema arekebishe.
Sijamwambia.