Soksi za Twiga

Mama alitaka niwe daktari wa ng'ombe.
"Ng'ombe ana mwenyewe," alisema, akichambua maharage,
"mwenyewe ana simu, simu ina pesa.
Huyo twiga wako akipona atakulipa nini? Kivuli?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na cheti ndani ya bahasha
na barua ya mkataba wa miezi sita, Arusha.

Miezi miwili sikumwona mnyama.
Niliona kupe. Kupe ndani ya spiriti,
kupe dume, kupe jike, kupe aliyeshiba akawa kama punje ya kahawa,
nami nikiwaandikia lebo kwa penseli
maana wino huyeyuka kwenye spiriti,
na jina likifutika, kupe anabaki kupe tu.
Jioni nilirudi chumbani Usa River na harufu ile viganjani;
hata chai ilinuka maabara.

Kisha Alhamisi moja, simu kutoka Momela:
twiga jike, mguu wa nyuma, waya.
Daktari Lomayani alikuwa anafunga sanduku la dawa.
"Una soksi safi?" akauliza.
Nilidhani nimesikia vibaya.

Twiga haanguki kama mti.
Alitembea kwanza, kichwa juu,
kama anayetafuta jina alilolisahau,
kamba ikamkuta magotini, watu saba wakavuta,
vumbi likapanda hadi pale kichwa kilipokuwa.

"Shingoni!"
Nikakaa shingoni. Mimi, Aikande, kilo hamsini na mbili,
juu ya shingo ndefu kuliko kitanda changu,
taulo machoni pake, soksi zangu masikioni mwake,
zile za kijivu za kidato cha sita,
asisikie redio za askari, asisikie tunavyohema.
Dawa ya kumwamsha ikaingia papo hapo,
maana twiga akilala mno huuawa na urefu wake mwenyewe.
"Hesabu pumzi. Kwa sauti."
Kila pumzi ilininyanyua kidogo, ikanishusha.
Tisa. Kumi.
Kimya.
Tangu utotoni sikuwa nimemwomba Mungu kwa Kichaga.
Kumi na moja.

Koleo likalia. Waya ukatoka na kipande cha ngozi.
"Ondokeni!"
Akajaribu mara moja, mara mbili, ya tatu akasimama,
akaenda zake na soksi moja sikioni.
Hakugeuka.

Kipande cha waya nilikitia mfukoni.
Jumapili, nyumbani Kibosho, nikampa kaka yangu Ndelilio,
fundi pikipiki. Alikiviringisha vidoleni,
hakuhitaji kukitazama.
"Waya wa klachi. Zikichakaa tunaziuza kwa kilo."
"Mnamwuzia nani?"
Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.
Mama akaacha kuchambua maharage.

Alfajiri ya Jumatatu nilimkuta mlangoni
na mfuko wa saruji, nusu umejaa, mdomo umekazwa kwa fundo
ambalo hata yeye asingelifungua.
"Hizi chukua," alisema, akitazama migomba. "Bure."
Mama aliongeza soksi, jozi tatu, bado zina bei.

Stendi ya Moshi, kondakta aliupima mfuko kwa mguu
akanitoza nauli ya mzigo.
Nikalipa.