Saa Kumi Kasoro Kumi

Kwetu Gaya mto Falgu hauonekani.
Ukitaka maji unapiga magoti mchangani, unachimba kwa viganja,
kiwiko kikizama ndipo unyevu unapokuja,
kisha maji yenyewe, kidogo, ya baridi, yanayonuka chuma.
Wageni huuliza mto uko wapi.
Sisi tumesimama juu yake.

Hapa Tampere maji yamejaa,
ziwa kaskazini, ziwa kusini,
na nina kiu ambayo bomba haliijui.

Usiku napanga vifurushi ghalani.
Mkanda unapita, boksi, boksi, bahasha,
ndu, ndu, ndu,
na mara niko Ramna, kichochoro cha Lallan Sao,
wanaume wanne vifua wazi wanatwanga ufuta na sukari ya moto,
mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka,
na Lallan mwenyewe kalikalia gunia, anamtukana mwanawe bila kumkasirikia,
anakumegea kipande cha tilkut:
"Onja. Usiponunua, dhambi ni yako."
Siku ya mwisho sikununua. Nilikuwa naliwahi treni.
Miaka sita sasa, ile punje ingali katikati ya meno.

Wiki jana mama kapiga simu.
"Magoti yamekataa, Bimlesh. Mwaka huu siingii majini."
Miaka thelathini na mmoja kaingia,
siku moja na nusu bila tone la maji kooni,
sari ya manjano, ungo mikononi,
miwa, ndizi, nazi, na thekua alizokaanga kwa samli
huku akitufukuza jikoni tusije tukaonja kabla ya Jua.
(Rinku alionja mara moja. Akafeli hesabu.
Mpaka leo mama anaijua sababu.)
"Ungo nimwachie nani?"
Nikanyamaza.
Kisha nikasema, kama mtu aliyesukumwa mgongoni:
niachie mimi.
Akacheka, akalia, akaanza kunitajia vipimo vya unga.

Basi. Unga wa ngano upo.
Sukari guru nimeipata kwa Wakurdi, nyuma ya kituo cha mabasi.
Samli hakuna, nikayeyusha siagi,
king'ora cha moshi kikalia, jengo zima likajua nakaanga.
Ungo sina, nikachukua sinia ya tanuri.
Miwa haipo. Nikaweka karoti moja ndefu, pamoja na aibu yake.

Jua la Novemba hapa huzama saa kumi kasoro kumi,
mapema, kama mtoto aliyelazwa kwa adhabu.
Niliingia mpaka magotini. Baridi ikaniuma hadi kwenye magego.
Mbingu ilikuwa kijivu tupu, haina hata mshono.
Bibi Aune, anayeogelea humo hata kukiwa na barafu,
alitoka majini akaniuliza namsubiri nani.
"Jua."
Akatazama magharibi. Akanitazama mimi.
"Mpaka Februari?"
Akajifunga taulo, lakini hakuondoka.

Nikainua sinia.
Nyumbani usiku umeshaingia, taa za udongo zinawaka chini ya miwa,
jirani yetu Babban anakohoa katikati ya nyimbo kama kila mwaka.
Jua hili lilipita mikononi mwao saa mbili na robo zilizopita,
wakalisindikiza, likaja kwangu limechoka,
nyuma ya mawingu, halina la kusema.
Nami sikuwa na la kusema.
Nilisahau maneno yote isipokuwa jina la mama,
nikalisema hilo.
Chini ya unyayo kulikuwa na mchanga.
Nikauchimba kidogo kwa kidole gumba.

Nilipogeuka, mkono wa Aune ulikuwa umeshafika kwenye thekua.
"Bado!" nikamkemea, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.
"Bado! Mpaka kesho, likichomoza!"

Saa mbili kasoro kumi asubuhi
nilimkuta amesimama majini, amenitangulia,
anatazama upande ambao sio.