Gololi

Zamani tulizipasua.
Kila saa, chupa ishirini kutoka mkandani,
na Bwana Takemori na kisu chake chembamba
akizikata wima, toka shingo hadi kitako,
kama mtu atafutaye kokwa
katika tunda lisilo na kokwa.
Kisha kipimo kikiuma ukingo wa jeraha:
nukta nane sita. Nukta nane nne. Andika.
Kisha ndoo.

Ishirini zilikufa ili elfu nne ziaminiwe.
Nami, mgeni kazini, nikauliza:
na hizo elfu nne, nani kazipima?
Akacheka. Kidole gumba chake cha kushoto
kilichorwa mistari kama ubao wa kukatia vitunguu.
"Hizo," akasema, "tunaziombea."

Siku hizi tuna gololi.
Ya chuma, haizidi mbegu ya papai.
Naidondosha chupani, inalia mara moja,
kisha nje nasogeza ncha ya sumaku
na yenyewe inaitika, inakuja,
inajibandika upande wa pili wa ukuta
kama sikio la jirani.
Umbali kati yao ndio unene.
Hakuna kilichotobolewa.

Naanza begani, plastiki inapojikunja kivivu,
nateremka tumboni, nazunguka kona ya kitako,
na gololi ndani inanifuata
kwa mkwaruzo ambao wenzangu hawausikii.
Mimi nausikia hata nikiwa bafuni kwangu.

Babu yangu aliuza dawa kwa miguu,
kikapu cha ngazi tano mgongoni,
toka hapa Toyama akivuka milima ya Hida.
Aliziacha dawa majumbani mwa watu, bila kulipwa,
akarudi mwaka wa pili kudai bei ya zilizotumika tu.
Vifuko vyake vya karatasi alivipima kwa mdomo:
vidole vilishakufa ganzi kwa kamba na baridi,
basi alipitisha kila kimoja juu ya mdomo wa chini,
polepole, amefumba macho.
Bibi alisema alionekana kama anayeaga.

Februari, usiku, theluji imefika madirishani.
Kalibu namba saba, kona ya kitako:
nukta tatu moja.
Nikapima tena. Nukta tatu moja.
Nikabadili gololi, nikafuta ncha kwa kitambaa.
Nukta tatu sifuri.
Kiwango chetu, nukta nne tano.

Bwana Kuwabara wa zamu akaja na saa yake.
Lori limewashwa. Barabara itafungwa kabla ya alfajiri.
Akaiinua chupa kwenye taa, akaigeuza, akaigeuza.
"Fusae, unaona tundu?"
Sikuona. Halikuwapo.

Nikamwambia unyevu hauhitaji tundu.
Unyevu ni mwizi mvumilivu, havunji mlango,
anaegemea ukuta tu,
mwezi mmoja, miezi kumi na minne,
na kamba hukatikia pembamba.
Vidonge vitavimba, vitashikana kabatini
mwa mtu asiyejua hata kama mji huu upo,
naye atavibandua kwa kucha, avimeze,
kwa kuwa lebo inasema bado.

(Sikusema yote hayo. Nilisema, "Saba ina kasoro,"
nikamwonyesha skrini. Mengine nayasema sasa.)

Alisimama kitambo. Akavua kofia, akaivaa.
Akaenda kupiga simu upande wa mlango wa mizigo,
na sikusikia alichojibiwa,
ila injini nje ilinyamaza,
tukaanza kusikia theluji.

Niliinamisha chupa, gololi ikarudi kiganjani,
baridi, haina habari.
Chupa ilibaki nzima kabisa,
haina kovu, inang'aa, mbovu.
Nikaiweka katika sanduku jekundu, nikaishika kidogo,
sijui kwa nini, kwa mdomo wa chini.
Sikuhisi kitu.
Nikachukua ya pili.