Mteuzi wa Tumbaku, Usoke

Mimi ni Shija, niliyekuja baada ya mapacha.
Kwetu jina ni foleni: Kulwa alitangulia kutoka,
Doto akafuata robo saa baadaye,
nami nikaja na mvua za mwaka wa tatu.
Hakuna aliyeulizwa kama anastahili nafasi yake.

Leo nina koti la chama na kalamu ya wino mwekundu.
Robota linafunguliwa, napenyeza mkono,
navuta jani, nalinyoosha kwenye mwanga wa dirisha,
nalinusa. Daraja la kwanza. La tatu.
Hili limeungulia banini, halina daraja.
Sisemi uongo. Nikimpandisha mmoja kwa huruma
namwibia aliyekesha na moto wake siku saba.
Na siku walipompasua Kulwa pale Kitete
sikumwombea daktari aliyeshika mkia darasani.

Basi msinifundishe kwamba kupanga ni dhambi.

Doto ameleta robota moja tu msimu huu.
Nilitazama pembeni nisijue ni la nani,
ila vidole vilitambua fundo: anafunga kama mama,
mzunguko mmoja wa ziada.
Jani lina madoa. Nikaandika nne.
Akacheka. "Nne ni nne. Mvua ilinitupa Februari."
Halafu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:
"Na mkutanoni, Shija, mbona wewe unavutiwa kiti
na mimi nakalia tofali? Nilipimwa lini?"

Sikuwa na jibu. Hata sasa nalitafuta.
Nadhani bei ilishuka kutoka kwenye jani,
ikatembea yenyewe, bila saini yangu,
ikaingia kwenye salamu, kwenye nani akatishwe kauli,
kwenye kikombe kipi apewe mgeni yupi.
Kalamu yangu iliishia kwenye jani. Naapa.
Au sikutazama ilikoendelea,
maana kiti kilikuwa na mgongo.

Doto akapanda juu ya mizani,
miguu peku, vumbi la tumbaku hadi magotini.
"Andika."
Mshale ukatikisika, ukatulia.
Kilo hamsini na mbili, nikaandika.
Safu ya daraja nikaipita.

Jioni karani amenirudishia fomu.
Anataka kujua pengo lile ni la nini,
na robota hilo ni la mkulima gani.